Lenzi ipi baada ya kuondolewa mtoto wa jicho? Ulinganisho kwa walenga shabaha

Mtu anayelenga shabaha kwa burudani akiambiwa ana mtoto wa jicho, wasiwasi wake mkubwa si kama ataona. Upasuaji huu ni miongoni mwa upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi duniani, na wengi hutoka wakiona vizuri kuliko walivyoona kwa miaka kadhaa. Wasiwasi wake ni mwingine: nitaona nini kwa ukali, kilengeo cha mbele (kile kichuma cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu) au shabaha? Jibu linategemea lenzi atakayoichagua kabla hajalala kitandani, na ikishawekwa, kuitoa si kazi nyepesi.

Ulinganisho huu ni wa yule aliyeonyeshwa aina mbili tatu za lenzi, akaambiwa achague, lakini hakuna aliyemweleza kila moja itamfanyia nini akiwa nyuma ya bunduki au bastola. Fomu za kliniki huuliza kama unasoma, unaendesha gari au unatumia kompyuta. Kulenga hakumo, kwa hiyo ni juu yako kulitaja.

## Kinachobadilika ndani ya jicho

Daktari hufungua mwanya wa milimita 2 hadi 3 pembeni mwa konea (kioo angavu cha mbele ya jicho), huivunja lenzi ya asili iliyoingia ukungu kwa mawimbi ya sauti, huifyonza, kisha hutia lenzi ya plastiki ndani ya kifuko kilichobaki. Wazo la kuacha plastiki ndani ya jicho lilianzia kwa Harold Ridley, daktari wa London. Aliona kwamba vipande vya akriliki kutoka vioo vya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kuchochea uvimbe, na mwaka 1949 akaweka lenzi ya kwanza.

Lenzi ya kuzaliwa nayo hubadili umbo lake ili ikuwezeshe kuona karibu na mbali. Ya plastiki haibadili umbo. Aliyefika miaka sitini uwezo huo ulikuwa umekwisha karibu wote, kwa hiyo hapotezi kikubwa. Aliyefanyiwa upasuaji akiwa na miaka arobaini na kitu atahisi tofauti kubwa.

Mwanga nao hubadilika. Ukungu wa mtoto wa jicho huwa na rangi ya manjano au kahawia, na ukiondoka, weupe unakuwa mweupe kweli na bluu inang'aa. Miwani ya rangi uliyoizoea uwanjani huenda isikufae tena, kwa hiyo usinunue nyingine hadi macho yote mawili yatulie.

## Vigezo nilivyotumia

Kila lenzi nimeipima kwa mambo manne. La kwanza ni vilengeo: utaona nini kwa ukali kwa aina ya silaha unayotumia. La pili ni mwanga: je, lenzi inakuachia uwezo wote wa kutofautisha weusi na weupe, hasa jioni au ndani ya ukumbi wenye taa hafifu? La tatu ni maisha nje ya uwanja, kwa sababu hata mlengaji mwenye bidii hutumia macho yake saa nyingi zaidi kwenye simu, vitabu na barabara kuliko kwenye shabaha. La nne ni kama kasoro ya lenzi hiyo inarekebishika kwa miwani.

Hilo la nne ndilo naliona zito kuliko yote. Umbali uliokosewa hurekebishwa kwa miwani ya kawaida. Mwanga uliogawanywa na lenzi iliyomo ndani ya jicho haurudishwi na miwani yoyote.

Kabla ya kuendelea, hesabu kidogo. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, nayo ni 1 ukigawanya kwa umbali wa mita. Kilengeo cha mbele cha bunduki ndefu kikiwa mita 1 kutoka jichoni, kukiona kwa ukali kabisa kunataka dayopta 1. Cha bastola kikiwa sentimita 75, kinataka kama dayopta 1.33. Lakini ukilivuta jicho hadi kwenye kilengeo kabisa, shabaha inayeyuka. Ndiyo maana mafundi wa miwani ya shabaha huongeza nusu tu ya nguvu hiyo: kama +0.50 kwa bunduki ndefu na +0.75 kwa bastola, juu ya kipimo chako cha mbali. Hapo ukali wa jicho unakaa kwenye umbali wa mara mbili ya kilengeo, na kilengeo na shabaha vinagawana ukungu mdogo ambao ubongo unaustahimili.

Pima umbali wako mwenyewe. Simama kama unavyosimama ukilenga, silaha ikiwa haina risasi na umehakikisha mara mbili, halafu mtu wa pili anyooshe tepu kutoka pembe ya nje ya jicho lako hadi kwenye kilengeo cha mbele. Andika namba hiyo, andika na jicho unalolengea, na uende nayo kwa daktari. Karatasi moja yenye namba inasaidia kuliko maelezo ya dakika kumi.

## Lenzi ya umbali mmoja, macho yote yakiwekwa yaone mbali

Vilengeo. Shabaha, visahani vinavyorushwa angani kwa wapiga shotigani na nukta nyekundu (kilengeo cha kioo kinachoonyesha nukta ya mwanga) vyote vinakuwa vikali. Nukta nyekundu imetengenezwa ionekane kana kwamba iko mbali sana, kwa hiyo jicho la mbali linaipokea bila taabu. Darubini ya bunduki nayo haina shida, kwa kuwa kioo chake cha nyuma huzungushwa hadi mistari ya ndani ikae sawa na jicho lako. Penye shida ni vilengeo vya chuma: cha bastola kitaonekana na kingo laini, cha bunduki ndefu kitakuwa na ukungu mdogo zaidi. Miwani ya +0.50 au +0.75 hurekebisha hilo.

Wanaotumia kilengeo cha tundu, yaani wanaolenga kupitia kitundu kidogo karibu na jicho, wana bahati. Tundu la nyuma likiwa karibu na milimita 1, linafanya kazi ileile ya tundu la sindano: miale iliyopinda inazuiwa, na ukali unanyooka kutoka kilengeo hadi shabaha. Mlengaji wa namna hiyo hahitaji lenzi ya ajabu ndani ya jicho, kwa sababu tundu limeshafanya kazi hiyo.

Mwanga. Mwanga wote unaelekezwa mahali pamoja, kwa hiyo weusi wa shabaha unabaki mweusi. Katika jambo hili hakuna aina inayoizidi.

Nje ya uwanja. Kuendesha gari na kutazama mbali bila miwani. Kusoma, kushona na kutazama simu kunataka miwani ya kusomea. Wengine hulichukia hilo, hasa waliokuwa na macho ya kuona karibu tu na waliozoea kuvua miwani ili wasome.

Inamfaa anayepiga shotigani, anayetumia darubini, nukta nyekundu au tundu, na yeyote asiyejali kuvaa miwani ya kusomea.

## Lenzi ya umbali mmoja, kila jicho na umbali wake

Hapa lenzi ni ileile, ila jicho moja linawekwa mbali na jingine karibu kidogo. Madaktari kwa kawaida huweka jicho tawala, yaani lile linaloongoza unapotazama, mbali. Mlengaji anaweza kuomba hivyo au kinyume chake, na matokeo ni tofauti kabisa.

Vilengeo. Jicho la kulengea likiwekwa mbali na jingine karibu, uwanjani unalenga kama mtu wa kundi la kwanza, na ukimaliza unasoma karatasi ya alama kwa jicho la pili. Kwa bastola mpangilio huu una faida nyingine: ukilenga macho yote yakiwa wazi, jicho la pili linaona mbali kwa ukungu na halikushindanii sana.

Kinyume chake, jicho la kulengea likisogezwa karibu, kwa mfano hadi -0.75 (alama ya kutoa ina maana jicho linaona karibu zaidi), kilengeo cha bastola kinakuja bila miwani. Wapenzi wa bastola yenye vilengeo vya chuma huvutwa sana na wazo hili, na ninawaelewa. Ila yakumbukwe mambo mawili. Jicho hilo litakuwa na ukungu kwa kila kitu cha mbali, pamoja na nukta nyekundu, siku utakapobadili silaha. Pili, hata kwa vipimo vya kisasa, jicho linaweza kutua nusu dayopta pembeni ya lengo, na nusu dayopta ndiyo karibu tofauti nzima kati ya miwani ya mbali na miwani ya kulengea. Unaweza kuomba -0.75 ukapata -0.25 au -1.25. Aliyewahi kufanyiwa leza ya kurekebisha macho ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukosewa namna hiyo, kwa sababu umbo la konea yake linatatiza hesabu.

Mwanga. Kila jicho linapokea mwanga wake wote. Kinachopungua ni ushirikiano wa macho mawili, hivyo kukadiria kina na mwendo kunashuka kadiri tofauti kati ya macho inavyokuwa kubwa.

Nje ya uwanja. Miwani inahitajika mara chache zaidi. Usiku barabarani wengine huvaa miwani ya kusawazisha macho yote mbali.

Inamfaa mlenga bastola au bunduki ndefu anayelenga kwa jicho moja na ambaye aliwahi kuishi na mpangilio kama huu akautaka. Lenzi za kuvalia juu ya jicho zinaweza kutumika kulijaribu jambo hili kabla ya upasuaji, ingawa ukungu ukiwa mzito jaribio haliaminiki. Kwa shotigani siipendekezi: kisahani kinachokatiza angani kinataka macho mawili yanayoona sawa.

## Lenzi ya umbali mwingi

Lenzi hii ina miduara midogo inayogawa mwanga: sehemu kwa mbali, sehemu kwa karibu, na katika aina nyingine sehemu ya tatu kwa umbali wa kati.

Vilengeo. Ukisikia "mbali, kati na karibu" ni rahisi kudhani kilengeo, tundu na shabaha vyote vitakuwa vikali kwa pamoja. Sivyo inavyokwenda. Kila umbali unapata fungu lake la mwanga, na picha kali ya umbali mmoja inaandamana na kivuli cha picha zisizo kali za umbali mwingine. Kwa kusoma gazeti ubongo hupuuza kivuli hicho. Kwa kupanga ukingo mweusi wa kilengeo chini ya duara jeusi la shabaha, kivuli hicho kinakaa palepale unapotaka ukingo msafi. Tena, umbali wa kati wa lenzi hizi umepangwa kwa kompyuta na meza ya kazi, na si lazima uangukie kilengeo chako.

Kwenye darubini, upana wa mwanga unaoingia jichoni hutegemea kipenyo cha kioo cha mbele ukigawanya kwa ukuzaji: kioo cha milimita 40 kwa ukuzaji wa mara 20 kinatoa mwanga wa milimita 2 tu. Mwanga huo mwembamba unapita katikati ya lenzi, ambako kwa miundo mingi miduara ipo pia, basi mgawanyo unabaki.

Mwanga. Huu ndio udhaifu wake. Uwezo wa kutofautisha weusi na weupe hupungua, na taa za usiku huzungukwa na duara za mwanga. Wengi huzizoea baada ya miezi, wachache hawazizoei kamwe.

Nje ya uwanja. Hapa ndipo inapong'aa, na haki yake ipewe. Mtu anaamka, anasoma, anapika, anaendesha gari, anaangalia simu, bila kutafuta miwani. Kwa anayekwenda kulenga mara chache kwa mwaka na kuishi kila siku kwa vitabu na safari, faida hiyo ni kubwa.

Inamfaa anayethamini kuachana na miwani kuliko alama za mwisho kwenye karatasi, mwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) nzima. Mwenye ugonjwa wa katikati ya retina au presha ya macho iliyokwisha kuharibu mshipa wa fahamu kwa kawaida hushauriwa asiichukue, maana ana upungufu wa kutofautisha weusi na weupe tayari.

## Lenzi ya masafa yaliyorefushwa

Badala ya kutengeneza picha mbili au tatu, lenzi hii hunyoosha eneo la ukali kutoka mbali kuja hadi umbali wa kati.

Vilengeo. Kwa maelezo tu, hii inaonekana kama imetengenezwa kwa ajili ya mlenga shabaha: mbali ni kali, na urefu wa mkono unaonekana vya kutosha. Kwa bunduki ndefu yenye vilengeo vya chuma inaweza kukuondolea haja ya miwani ya kulengea. Kwa bastola inategemea urefu wa mkono wako na mahali eneo hilo linapoishia, ndiyo maana ile namba ya tepu ni muhimu.

Mwanga. Iko katikati. Miundo ya aina hii inatofautiana sana: mingine hutumia miduara inayogawa mwanga na huleta duara za usiku, mingine hubadilisha tu mkunjo wa uso wa lenzi na hukaribia usafi wa lenzi ya umbali mmoja. Muulize daktari wako anakuwekea muundo upi, na usiridhike na jina la kundi.

Nje ya uwanja. Kompyuta, sahani mezani na dashibodi ya gari vinaonekana bila miwani. Maandishi madogo yanataka miwani hafifu.

Inamfaa anayebadilisha silaha mara kwa mara, leo chuma kesho nukta nyekundu, na anayeweza kukubali upungufu mdogo wa mwanga.

Kuna na aina mbili zisizopatikana kila mahali. IC-8, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ina tundu la milimita 1.36 katikati, yaani kanuni ya kilengeo cha tundu iliyohamishiwa ndani ya jicho. Kwa kawaida huwekwa kwenye jicho lisilo tawala, kwa hiyo mlengaji lazima aulize litakuwa jicho gani. Nyingine ni lenzi ya RxSight, iliyoidhinishwa huko huko mwaka 2017, ambayo nguvu yake hurekebishwa kwa mwanga wa urujuanimno baada ya kuwekwa, huku mgonjwa akivaa miwani ya kinga hadi marekebisho yafungwe. Kwa aliyeogopa ile nusu dayopta ya makosa, hii inajibu hofu yake moja kwa moja.

## Ukiona nukta nyekundu kama nyota

Konea isiyo na mkunjo sawa pande zote huipasua nukta nyekundu ikawa nyota, mkia au zabibu. Mara nyingi watu hulaumu kilengeo. Jaribu hivi: tazama nukta, kisha ulalishe kichwa begani. Mikia ikizunguka pamoja na kichwa, kasoro ni ya jicho. Au ipige picha kwa kamera ya simu kupitia kilengeo: ikitokea duara safi kwenye picha, kilengeo ni kizima.

Kasoro hii ikitoka kwenye konea, haiondoki kwa kubadilisha lenzi ya kawaida, na kioo cha nyuma cha darubini hakiirekebishi. Dawa yake ni miwani, au lenzi iliyotengenezwa kuisawazisha, ambayo hupatikana katika aina nyingi nilizozitaja. Kwa mtu wa nukta nyekundu ningeipa kipaumbele kuliko mjadala wote wa mbali na karibu.

## Majuma ya mwanzo

Baada ya jicho la kwanza kupona, huenda likaona kwa uangavu kuliko jicho la pili hata utawala wa macho ukahama. Ujichunguze: nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali ndani yake, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linaloongoza. Kwa mpiga shotigani aliye katikati ya upasuaji wa jicho la kwanza na la pili, kukosa visahani kunaweza kuwa na sababu hiyo tu.

Kipimo cha miwani mara nyingi hutulia baada ya majuma 4 hadi 6, kwa hiyo miwani ya kulengea isubiri. Lini urudi kwenye bunduki inayopiga teke, daktari aliyekupasua ndiye wa kusema, naye aambiwe wazi ni silaha ya aina gani. Ukiona miale ya ghafla, madoa mengi mapya yanayoelea au pazia jeusi pembeni, nenda hospitali siku hiyohiyo: hizo ni dalili za retina kubanduka, na mwenye macho ya kuona karibu tu yuko katika hatari zaidi.

Kifuko kinachobeba lenzi kinaweza kuingia ukungu baada ya miezi au miaka, na leza hukifungua kwa muda mfupi. Lakini ikiwa una lenzi ya umbali mwingi na hujaridhika nayo tangu mwanzo, sema kabla ya leza hiyo kupigwa. Kifuko kikishafunguliwa, kubadilisha lenzi kunakuwa kugumu zaidi.

## Kwa hali yako

Unapiga shotigani zaidi ya vyote: macho yote mbali, lenzi ya umbali mmoja, na kasoro ya konea isawazishwe.

Unatumia darubini: uko huru kuliko wengine. Chagua kwa ajili ya maisha ya nyumbani, ila ukilenga jioni au kwa shabaha hafifu, jihadhari na lenzi inayogawa mwanga.

Bunduki ya upepo au ndefu yenye kilengeo cha tundu: umbali mmoja mbali, na +0.50 kwenye miwani ukiihitaji.

Bastola yenye vilengeo vya chuma, na ni shughuli ya kila juma: jadili ama macho yote mbali pamoja na miwani ya +0.75, ama jicho la kulengea kusogezwa karibu kidogo. La kwanza linarekebishika kwa urahisi zaidi. La pili linakupa kilengeo bila kitu usoni isipokuwa miwani ya kinga, ambayo usiivue hata kama unaona vizuri kiasi gani.

Unabadilisha silaha: masafa yaliyorefushwa, muundo usio na miduara kama upo.

Unalenga mara moja moja na miwani imekuchosha maisha yako yote: lenzi ya umbali mwingi ina hoja ya kweli, retina ikiwa nzima.

Una ugonjwa wa retina au presha ya macho: umbali mmoja, na umuulize daktari kwanza kiasi gani cha kuona kinaweza kurudi, ndipo mzungumze habari za vilengeo.